MTOTO AKIWA NA PESA TUSIZOZIJUA

Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa gengi la njia katika mkutano wa tawi



Desturi ya mikutano yetu ni kusema juu ya mshahara, nyumba, saa za kazi na viatu vya kazi, na hayo yote ni maneno ya haki. Lakini Kamati imetuomba leo tuseme neno la nyumbani. Sababu ni kwamba wanachama wengi wamekwenda kwa Bwana Karani, mmoja mmoja, tena kwa siri, wakiuliza neno lile lile: "Mtoto wangu ana simu ambayo sikumnunulia. Ana viatu ambavyo mimi mwenyewe sina. Nikimwuliza asema amepewa na rafiki. Nifanye nini?"

Sisi si walimu wala si wachungaji. Tulisoma shule ya msingi ya misheni, kisha tukashika spana na sururu. Haya tutakayosema hatukuyapata katika kitabu. Yalitupata wenyewe mwaka 2021. Tukisema "sisi" katika habari hii, ni baba na mama wa nyumba moja, maana kosa tulilifanya wote wawili, na kulitengeneza tulilitengeneza wote wawili. Mtoto mwenyewe sasa ni kijana mkubwa. Ametupa ruhusa tuisimulie, ila jina lake tusilitaje.

JINSI ILIVYOANZA

Mnakumbuka mwaka 2020. Mwezi wa Machi shule zote zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na watoto wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Mtoto wetu alikuwa na miaka 13. Baba alikuwa njiani na gengi, mama alikuwa sokoni na mboga zake, na mtoto alibaki na wenzake kutwa nzima. Watoto hao wakaanza kuokota vyuma kuukuu: sufuria zilizotoboka, vipande vya mabati, waya, vyuma vya baiskeli. Waliviuza kwa mtu mmoja mwenye mizani nyuma ya soko. Hakuna mzazi aliyeona ubaya. Hata sisi tulisema, afadhali kuokota chuma kuliko kuokota matusi.

Shule zikafunguliwa, lakini mizani haikufungwa. Katikati ya mwaka 2021 tulianza kuona vitu. Kwanza kofia. Tukasema, kofia ni kitu kidogo. Kisha saa ya mkononi. Kisha raba nyeupe, ambazo kwa macho tu tulijua kwamba bei yake si ya mtoto. Mwisho simu kubwa ya kuguswa kwa kidole, nzuri kuliko zote mbili zilizokuwa nyumbani kwetu.

Kila kitu kilikuja na maneno yake. Kofia alipewa na mwenzake. Saa aliiokota. Raba aliazimwa. Simu alikuwa anamwekea mtu. Ndugu zetu, tuangalie vizuri hapo. Neno moja moja laweza kuwa kweli. Lakini mtoto ambaye kila mwezi anapewa, anaokota, anaazimwa na kuwekeshwa, huyo hana bahati. Huyo ana kazi ambayo hamwijui.

UNGA NA VIATU

Sasa tunafika mahali pagumu. Twalisema hili mbele yenu kwa aibu, lakini bila hili habari yetu haina maana.

Miezi ile ovataimu ilikuwa imepungua, na mshahara ulipoingia ulikuta mikopo imekaa mlangoni ikiungoja. Jioni moja hapakuwa na unga nyumbani. Mtoto akaingia, akaweka mezani pakiti ya unga ya kilo mbili, mafuta ya kupikia na sukari nusu kilo. Hakusema kitu. Mama akamtazama baba. Baba akatazama taa. Tukapika, tukala, tukamshukuru Mungu kwa sauti. Hakuna aliyeuliza.

Wiki ya pili akaleta tena. Tukala tena. Wiki ya tatu mama alichelewa kuweka sufuria motoni kwa sababu alikuwa anamngoja.

Mwezi wa Novemba jirani mmoja akasema bombani, mbele ya wanawake wengine, "Mtoto wenu siku hizi ni tajiri, mwatuficha nini?" Maneno hayo yalimfikia baba kabla hajavua viatu vya kazi. Aliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Usiku ule alivua mkanda. Alimpiga mtoto, na mama hakumzuia. Mtoto hakulia. Alisema neno moja tu: "Na unga?"

Ndugu wanachama, neno hilo halikupata jibu usiku ule. Tulimpiga kwa sababu ya viatu. Kwa sababu ya unga hatukumpiga. Yeye alikuwa na akili ya kutosha kuona kwamba vyote viwili vilitoka mfuko mmoja. Alikuwa amejifunza kwetu kwamba kitu kisichojulikana asili yake hakiulizwi kikiwa ni cha tumbo la watu wote, bali huulizwa kikiwa mguuni mwake peke yake.

Kabla ya mapambazuko alikuwa ametoroka. Alikaa nje siku tatu. Siku ya nne nyanya yake akapiga simu kusema yuko kwake, amelala, amekula, na tusiende kwa fujo.

Wazee walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni methali ya kweli, wala sisi hatuko hapa kuwaambia msiwarudi watoto. Lakini methali hiyo haikusema mtoto alizwe kabla ya kuulizwa.

BOLTI CHINI YA KITANDA

Katika siku zile tatu mama alifagia chini ya kitanda cha mtoto, akavuta gunia dogo zito. Ndani mlikuwa na misumari, vipande vya waya, na bolti mbili nene na nati zake. Mama hakuzijua. Baba alizijua hata kabla ya kuwasha taa. Mtu aliyekaza bolti za reli miaka mingi haulizi ni ya nini. Kidole gumba kinajua.

Kisha akatazama spana yake ndefu iliyokuwa nyuma ya mlango. Spana hiyo ni mali ya kazi, wala haikupasa kuwa nyumbani. Tulikuwa tumeizoea kuileta siku za Jumamosi ili kuokoa mwendo wa kwenda stoo, na huo ulikuwa uvivu wetu. Mdomo wake ulikuwa na grisi mpya. Baba hakuitumia tangu alipoileta.

Wanachama wa ofisini na wa stesheni watuvumilie tueleze kidogo. Hii ni reli ya zamani, ya upana wa mita moja, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Mahali reli mbili zinapokutana huungwa kwa vipande viwili vya chuma, kimoja upande huu na kimoja upande huu, ndivyo tunavyoviita fishpleti, na bolti hupita katikati na kuvibana. Gurudumu likipita juu ya kiungo hicho hupiga ncha za reli. Bolti zikiwa zimekazwa, ncha mbili hushuka na kupanda pamoja kama kitu kimoja. Zikilegea, ncha moja hushuka na nyingine hubaki juu, na gurudumu hugonga badala ya kupita. Kila treni huongeza ulegevu kidogo. Kadhalika viko vibanio vinavyoshika reli kwenye mataruma. Vikitoka vingi mahali pamoja, uzito wa treni huzitanua reli, upana huzidi mita moja, na gurudumu huanguka ndani.

Njia hiyo yapita nyuma ya nyumba yetu, hatua kama mia tatu. Na treni ya kwanza ya alfajiri huchukua wafanya kazi kama sisi, waendao Nairobi, wamesimama mpaka mlangoni.

JINSI TULIVYOMSIKILIZA

Tulikwenda kwa nyanya jioni ile ile. Njiani baba alitembea kwa haraka, na mama akamshika mkono akamwuliza, "Mwaka ule ulipoitwa ofisini juu ya taa iliyopotea, ulikwenda peke yako?"

Hakwenda peke yake. Wengi wenu mwajua kwa nini. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba mwajiri akitaka kumfukuza mtu kwa kosa, kwanza hana budi kumweleza sababu katika lugha anayoielewa. Huyo mtu ana haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzake, au mwakilishi wa chama kazini, akae naye wakati wa maelezo hayo. Na mwajiri hana budi kusikiliza maneno yake na kuyafikiri kabla ya kukata shauri. Kifungu hicho kimeokoa kazi za watu walio katika chumba hiki. Twakidai kila mwaka. Tukisikia mwenzetu amefukuzwa bila kusikilizwa twapiga meza.

Mama akasema, "Basi mtoto naye asikilizwe hivyo." Baba akapunguza mwendo.

Sisi tuliosoma misheni twakumbuka habari ya Akani katika kitabu cha Yoshua, yule aliyeficha vazi, fedha na dhahabu chini ya hema yake. Wengi wetu hukumbuka mawe tu. Tumesahau kwamba kabla ya mawe Yoshua alimwita "mwanangu", akamwambia aeleze alilolifanya. Sisi tulikuwa tumeanza na mawe.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Nyanya alikaa upande wa mtoto. Baba alisema kwanza juu ya kosa letu: kwamba tulikula unga bila kuuliza, na kwamba tulimpiga bila kumsikiliza. Kisha akataja mambo mawili tunayotaka kuyajua, vitu vyake vimetoka wapi na bolti zimetoka wapi. Kisha tukanyamaza. Kunyamaza kulikuwa kazi ngumu kuliko kazi ya sururu. Nyanya alimwambia, "Sema, mjukuu wangu. Leo hapana mkanda."

Akasema. Yule mwenye mizani alikuwa anawalipa shilingi 30 kwa kilo ya chuma cha kawaida. Baadaye akawaambia kwamba chuma cha reli ni kizuri zaidi, atalipa 50. Mtoto akaanza kuokota bolti na vibanio vikuukuu vilivyolala kando ya njia. Hapo akamtazama baba akasema, "Zilikuwa chini, baba. Nyinyi wa gengi ndio mliziacha."

Ilikuwa kweli. Tulipobadilisha bolti tulizitupa zile za zamani kando, tukisema tutazikusanya kesho. Hiyo kesho haikufika.

Tukamwuliza juu ya simu. Hakuinunua. Mwenye mizani alimpa, akamwambia thamani yake ni shilingi 6,000, atalipa polepole kwa chuma. Laini ya simu iliandikishwa kwa jina la yule mtu, na malipo yote yalipitia humo, basi yeye ndiye aliyejua hesabu. Kila mtoto alipofikiri amemaliza, aliambiwa bado. Alipopata fedha kidogo mkononi alinunua raba, akanunua unga. Raba alizitaka kwa sababu shuleni walimcheka viatu vyake. Unga alinunua kwa sababu aliliona debe letu tupu.

Kisha vyuma vya kuokota vikaisha, na deni lilikuwa bado. Ndipo yule mtu alipomwambia, "Baba yako si ana spana?"

Ndugu zetu, mtu mzima hakumwambia mtoto aibe. Alimpa kitu kizuri, akamngoja aingie katika deni, kisha akauliza swali dogo.

Usiku mmoja, siku mbili kabla ya kupigwa, mtoto alichukua spana akaenda kwenye njia. Alifungua nati mbili za kiungo kimoja. Akaona mwanga wa tochi unakuja, akaogopa, akazirudisha kwa mkono akakimbia. "Nilizirudisha, baba," alisema, "lakini sikuzikaza."

Tulihesabu siku. Zilikuwa sita.

NJIA MBILI

Jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Baba alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenda peke yake na spana ile ile, kukaza nati mbili, na kurudi kulala. Hakuna mtu angalijua. Kazi ingalibaki, nyumba ingalibaki, jina la mtoto lingalibaki safi. Ya pili ilikuwa kumpigia simu mnyapara.

Tusiwadanganye, tuliifikiri ile ya kwanza muda mrefu. Kilichotugeuza ni neno la mtoto mwenyewe. Alisema hakuwa peke yake aliyeambiwa juu ya spana. Walikuwako wengine, na yeye hakujua walifanya nini. Basi tungalikaza kiungo kimoja na kulala juu ya vingine.

Mnyapara alipigiwa simu. Gengi likatoka usiku na taa, tukatembea njia ile taruma kwa taruma, kwenda na kurudi, tukigusa kila nati kwa mkono. Mlinzi wa njia alikuwa amepita hapo kila siku wala hatumlaumu, maana nati ikiwa mahali pake jicho halioni kwamba imelegea mpaka mkono uiguse. Kiungo cha mtoto wetu tulikikuta, nati mbili zazunguka kwa kidole. Na mbele yake, mwendo wa dakika kumi kwenye kona, tulikuta mahali vibanio vinne vimeng'olewa mfululizo. Hivyo mtoto wetu hakuvigusa.

Treni ya alfajiri ilizuiwa mpaka kazi ikaisha. Abiria walilalamika sana kwa kuchelewa. Tuliwasikia kutoka gizani, wala hatukujibu.

Bolti za kiungo kimoja, kwa bei ya yule mtu, hazifikii bei ya pakiti ya unga.

Baada ya hapo baba alipewa barua ya kujieleza: kwa nini spana ya kazi ilikuwa nyumbani. Siku ya shauri mwakilishi wetu wa chama alikaa karibu naye. Alisoma barua, akauliza maswali mawili ya haki, akamwacha baba aseme kweli yote. Akapewa barua ya onyo, na kazi ikabaki. Lile onyo lilikuwa haki yetu, wala hatukukata rufani. Mtoto alipelekwa kwa chifu, na afisa wa watoto akaja. Alieleza habari yake na nyanya amekaa naye, kama tulivyokuwa tumezoea sasa. Simu na laini yake tuliziacha pale kwa chifu. Mwenye mizani alihama usiku, na mpaka leo hatujasikia kwamba alikamatwa.

Haukupita muda. Januari 2022 nguzo kubwa za umeme zilianguka Nairobi baada ya vyuma vyake kuibwa, na umeme ukapotea sehemu nyingi za nchi. Mwezi huo huo Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu. Watu wengi walishangaa kwamba vyuma vidogo vyaweza kuangusha nguzo kubwa. Nyumbani kwetu hatukushangaa. Marufuku hiyo iliondolewa Mei 2022, biashara ikarudi kwa masharti. Ziko mizani za halali, zenye leseni kama Sheria ya Vyuma Kuukuu ya mwaka 2015 inavyotaka, na watu wengi maskini hula kwa kazi hiyo bila wizi. Lakini mizani ya kichochoroni nayo ipo, na yajua watoto wa nani wakaa karibu na reli.

MAMBO YA KUFANYA

Kamati ilituomba tumalize kwa mashauri ambayo mtu aweza kwenda nayo nyumbani. Haya ndiyo tuliyo nayo.

1. Ulizeni mapema, kitu kikiwa kidogo. Swali juu ya kofia ni jepesi. Swali juu ya simu ni zito, kwa sababu limechelewa.

2. Ulizeni juu ya kila kitu, hata kile kinachowafaa ninyi. Mzazi anayekula nusu ya mali hawezi kuihukumu nusu nyingine.

3. Sikilizeni kabla ya kuadhibu. Mwambieni mtoto wazi mnamshuku kwa jambo gani. Mpeni mtu wa kukaa upande wake, awe nyanya, mjomba, shangazi au mwalimu anayemwamini. Mwacheni amalize maneno yake. Yawezekana ni mali halali. Mtoto wa mwenzetu mmoja alishukiwa wizi, kumbe alikuwa anaosha pikipiki za bodaboda kila Jumamosi, akaogopa kusema kwa sababu alikatazwa kwenda stendi. Huyo angalipigwa kwa kufanya kazi.

4. Mtafuteni mtu mzima. Fedha hazioti mfukoni mwa mtoto; yuko aliyezitia. Kwa mvulana yaweza kuwa mwenye mizani, au mtu anayemtuma mizigo asiyoifungua, au michezo ya kamari ya simu, ambayo kwa sheria mtu chini ya miaka 18 hana ruhusa kuicheza. Kwa msichana, mara nyingi ni mwanamume. Hapo wazazi wengi humfukuza binti na kumwacha yule bwana aende zake, hata pengine huketi naye kuzungumza mbuzi. Ndugu zetu, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 yamtazama mtu mzima, si mtoto. Kusema "alikubali" hakumwokoi mtu aliyelala na mtoto wa chini ya miaka 18 akijua umri wake. Binti mwenye simu mpya amekwisha kudanganywa mara moja. Tusimtupe nje akadanganywa mara ya pili.

5. Uliza juu ya deni. Sisi tulidhani mtoto wetu ana pesa nyingi. Kumbe alikuwa anadaiwa. Mtoto mwenye vitu vipya ambaye hana raha, anayetoka nje simu ikilia, anayeamka usiku, huenda yuko chini ya mtu. Mwambieni kwamba deni hilo ni lenu sasa, wala hatakwenda kulilipa peke yake.

6. Msione haya kuomba msaada. Yuko chifu, yuko afisa wa watoto, na iko simu ya watoto, namba 116, ambayo haina malipo. Mzazi aweza kuipiga, na mtoto pia aweza.

7. Hili ni letu sisi wa njia. Tukibadilisha bolti, ile ya zamani irudi stoo siku ile ile. Spana nayo ilale stoo. Na tukiona mahali pamelegea, tuseme, hata ikiwa mkono uliolegeza twaujua. Hasa ikiwa twaujua.

MWISHO

Bwana Mwenyekiti, tumesema mengi, na chai inapoa.

Mtoto wetu alifanya mtihani wa darasa la nane Machi 2022, akaingia sekondari. Hakuwa malaika. Alikasirika na sisi muda mrefu, na raba zile hakuzivaa tena, akampa nyanya, naye akazivaa shambani mpaka zikaisha. Likizo alikuwa akibeba mizigo sokoni, pamoja na mama.

Siku ya kwanza alipoleta unga kutoka kazi hiyo, aliuweka mezani akasimama. Hakutoka chumbani. Alikuwa anangoja. Tukaelewa, tukamwuliza, "Umetoka wapi?" Akatuambia alibebea nani, magunia mangapi, na alilipwa kiasi gani. Ndipo tukapika.

Mpaka leo twamwuliza, naye hutuuliza sisi.

Umoja ni nguvu.